Picha ya Kitambulisho

Jumatatu hadi Jumamosi napiga sura za watu
ghorofa ya pili, River Road, mlango usio na jina.
Pazia jeupe, stuli moja, kitana kilichofungwa kwa kamba.
Inua kidevu. Masikio yaonekane. Usicheke.
Dakika tano, nakala nne, na mtu anashuka ngazi
akijitazama kama aliyekabidhiwa mgeni.

Jumapili namtafuta asiyeomba kitambulisho.

Musyimi, askari wa mbuga, ndiye aliyenionyesha kijito,
pale mwamba unapoinama juu ya migunga.
"Yupo," aliniambia, akipapasa gome lililochanwa.
"Juzi alipanda hapa."
Kila nikija, chui alikuwapo juzi.

Asiyekuwapo na lake halipo, husema watu.
Huyu hayupo, na lake lipo:
unyayo topeni, mpana kama kisahani, bila kucha;
mguu wa swala unaning'inia tawini, kwato chini;
na ng'ambo ya mto, upande wa Rongai,
Naserian anahesabu mbuzi, kumi na tisa,
anarudia, kumi na tisa,
na mbwa wake, aliyemwita Simba, masikini,
hajarudi tangu Alhamisi.

Jumapili saba. Nimejifunza kukaa.
Nimejifunza kwamba siafu hawana heshima kwa mwenye subira
na kwamba mji haujui kunong'ona:
ndege ndogo zinashuka Wilson zikikwaruza mbingu,
treni ya Mombasa inapita juu ya nguzo zake,
mhubiri wa Lang'ata anakemea pepo kwa spika mbili,
na katikati ya yote hayo, nyasi
zimeshika ulimi.
Lenzi nimeikodi. Kila saa ya bure
ni pasipoti mbili ambazo sikupiga.
Mumbua, mke wangu, anaiweka hesabu hiyo ukutani kwa penseli.
Haniulizi. Anaongeza mstari tu.

Jumapili ya nane, saa kumi na mbili jioni,
nilikuwa nafunga begi.

Kwanza kwale wakakatiza maneno yao.
Tumbili akakohoa, mara moja, huko juu.
Nikainua kichwa, na mwamba ulikuwa na macho.

Sikumwona akija. Alikuwapo tu,
kama jina ulilolisahau mchana kutwa
linapokurudia ukiwa unaosha vyombo.
Jua la mwisho lilikuwa ubavuni mwake, doa kwa doa,
maua meusi ambayo hana chui mwingine,
alama za vidole mwili mzima.
Akanitazama. Uso wote mbele ya lenzi.
Masikio yote mawili.
Kidevu juu.
Hakucheka.

Na mimi, miaka kumi na minne kazini,
kidole juu ya kitufe,
nikaisikia sauti yangu ikimwambia, kwa upole wa dukani:
"Hapo hapo. Usitikisike."

Basi. Akageuka kama mtu aliyeambiwa dirisha limefungwa,
arudi kesho. Bila hasira, bila haraka.
Nilibonyeza. Nikabonyeza tena. Nikabonyeza giza.

Picha niliyo nayo ni hii: nyasi zilizotikisika,
kipande cha mkia, cheupe kwa chini,
na mbali kabisa, zimetulia vizuri, nguzo mbili za reli.
Musyimi anasema ni tawi.
Mumbua anauliza ni shilingi ngapi.
Naserian aliishika muda mrefu, akaisogeza mwangani,
akasema, "Ndiye,"
kama anayetambua mtu kituo cha polisi.

Leo asubuhi amepanda ngazi kijana wa miaka kumi na minane,
shati la kuazima, kitambulisho chake cha kwanza.
Nikamkalisha mbele ya pazia
nikanyamaza.
Akarekebisha kola. Akatazama mlango, kitana, mimi.
Kisha akachoka kujipanga, akatazama tu.
"Mbona huniambii nifanye nini?"

Nilikuwa nimeshabonyeza.